Pengo Katika Mlolongo

Siku ya tatu ya tanzia ya mume wangu nilisikia mtu akicheka. Nilikuwa ndani, eda imeanza, mlango umerudishwa nusu, na wanaume walikuwa nje chini ya turubai wakinywa chai. Nyumba yetu ya mtaa wa Wabera, hapa Isiolo, ina ukuta wa mawe upande wa barabarani, lakini upande wa uani bado ni mabati yale yale ya zamani, na mabati hayafichi neno. Mmoja wao alisema, "Marehemu alikuwa mtu mzuri sana, Mungu amrehemu. Ni ile pengo tu." Kijana mmoja ambaye mwaka wa pengo hilo hata hakuwa amezaliwa akauliza pengo gani, na akaelezwa bila haraka, huku mtu akikoroga sukari: "Huyu mzee ndiye alitupotezea uchaguzi ya mlolongo. Aliacha nafasi kwa line, line ikakatika, Mheshimiwa akapita." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani ambacho watu hukimeza haraka. Mimi ni mjane na eda hainiruhusu kutoka nje kugombana na wanaume. Ila hakuna aliyeniambia kuwa kuandika ni haramu. Mume wangu Dida ameitwa Pengo tangu mwaka wa themanini na nane hadi wiki hii tulipomzika, naye hakuwahi kujitetea hata siku moja. Mimi nimechoka kunyamaza kwa niaba yake.

Jimbo letu limepiga kura mara nyingi, na watu wa rika langu hawazikumbuki chaguzi kwa majina ya waliopita. Tunazikumbuka kwa alama. Zamani kila mgombea alipewa picha ya kitu, ili asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama yake kwenye karatasi. Kwa hiyo sabini na nne kwetu ni mwaka wa taa, na ninawakumbuka kina mama wakitembea mjini mchana kweupe na taa za chemni zimewashwa, wakiimba. Sabini na tisa ni mwaka wa baiskeli, ndipo Mheshimiwa alipoingia bungeni mara ya kwanza akiwa mwembamba na mnyenyekevu. Themanini na tatu alirudi, na sasa shati halikufunga tumboni. Halafu ikaja themanini na nane, na hiyo haikuwa na alama wala karatasi wala sanduku. Chama kilikuwa kimoja nchi nzima, na Chama kikasema mwenye kadi yake asimame nyuma ya picha ya mtu anayemtaka, hadharani, ahesabiwe kama mbuzi zizini. Aliyepata asilimia sabini ya waliosimama alikuwa amepita moja kwa moja, hakuna tena kwenda kwenye kura ya siri. Mwaka jana mjukuu wangu alinisomea kwenye simu historia ya uchaguzi ya jimbo letu, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka, na alipofika themanini na nane akasoma: amepita bila kupingwa. Nikamwambia asome tena. "Ndivyo wameandika, Akoo," akasema, akiniita nyanya kwa Kiborana. Bila kupingwa. Nilikuwepo pale uwanjani, mikono yangu imenyooshwa juu mpaka mabega yakafa ganzi, na mbele ya macho yangu walikuwa watu wanaompinga, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine juani. Wameandika hatukuwepo.

Mwaka ule mimi na Dida tulikuwa tumeoana karibuni, tukikaa chumba kimoja cha kupanga, hapa hapa Wabera. Kitanda, sanduku la nguo, jiko la makaa, na nyuma kibanda cha mabati ambapo tulifunga mbuzi mmoja wa maziwa. Mlango ulikuwa mmoja tu, na huo ndio uliokuwa utata wa maisha yetu, kwa sababu mama yangu alikuwa akija kunisalimia karibu kila siku baada ya alasiri. Kwetu Waborana mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hukata kona na mwingine hujifunika uso kwa shashi ya kichwani. Si chuki hiyo, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyoitunza. Basi Mama akisikika tu akikohoa barabarani, Dida alikuwa anachukua kikombe chake cha chai na kutoka kwenda kukaa kule nyuma na mbuzi. Mama anaingia, anajifunua uso, anaketi kwenye sanduku. Kisha wanaanza kuzungumza. Mama alizungumza na mimi, macho yake kwenye sufuria, na Dida alizungumza na mbuzi, na kati yao palikuwa na bati moja lenye matundu ya misumari.

Hivyo ndivyo siasa ya mwaka ule ilivyoingia nyumbani kwetu. Mama aliuza maziwa ya ngamia pamoja na wanawake wengine pale stendi, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alimtaka Mwalimu Galma, mwalimu mkuu mstaafu ambaye alikuwa amefundisha nusu ya mji na kuchapa nusu hiyo hiyo. Mwalimu hakuwa na gari wala pesa za kugawa. Alichosema kila mahali kilikuwa kimoja: mifereji ya Wabera imekauka, na bomba jipya limepelekwa kwenye shamba la Mheshimiwa. Mama alikuwa akiamka usiku kupanga mitungi kwenye kisima, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Dida ndiye aliyesitasita. Alikuwa dalali wa mifugo sokoni, mtu anayesimama kati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi mpaka wakubaliane, na kazi ya dalali ni neno lake na vibali vya kusafirisha ng'ombe, ambavyo vilitoka kwa wakubwa. "Tume," Mama aliniita kwa jina langu siku moja nikimkaangia nyama ya nyirinyiri, "huko sokoni watu watasimama nyuma ya nani?" Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Dida ikatoka nyuma ya bati. "Wewe mbuzi, sikiza. Mtu wa biashara akisimama hadharani na Mwalimu, kesho akienda kuomba permit ataambiwa ngoja. Atangoja mpaka ng'ombe ikonde." Mama akatafuna nyama yake pole pole. "Tume, huyu mbuzi wenu ni muoga sana. Anakunywa maji ya nani?" Kisha Dida akasema, kwa sauti ya chini, "Mbuzi amekubali. Anasema atasimama." Mama alijifunika shashi mdomoni ili nisimwone akitabasamu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na sijasikia tena watu wawili waliopendana hivyo bila kuonana.

Mwalimu Galma alihitaji mtu wa kushika picha yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya hatari kuliko zote, kwa maana aliye mlolongoni anaweza kusema alipotea, lakini mwenye picha anaonekana na kila askari. Wanaume wanne walimkatalia, kila mmoja na udhuru wake: mmoja ana safari, mwingine mgongo unamuuma. Mwalimu alikuja chumbani kwetu, akaketi kitandani na shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni, akanywa chai, na alipomaliza akaniuliza mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kigumu. Nilikubali kabla Dida hajaweka kikombe chini, na jina langu likaandikwa ofisini kama wakala wake. Dida alisema tu, "Basi tushike sisi sote," na tangu siku hiyo hakulala vizuri, lakini hakunikataza.

Mpango wa mlolongo tuliupanga kwenye kibanda cha Mama Kananu, Mmeru aliyeuza miraa kando ya msikiti na kutupikia githeri kila Ijumaa bila kudai chochote. Mama na wanawake wake walikuwa ndani, Dida na wenzake walikuwa nje kwenye mabenchi, na mimi nilikuwa mlangoni nikipeleka maneno huku na huku kama posta. Wanawake walitaka kufika mapema, mara tu baada ya sala ya alfajiri, ili washike nafasi za mbele. Wanaume wangekuja nyuma yao. Hapo ndipo kila mtu akaona tatizo. Isiolo ni mji mdogo, na katika wale wanawake hakuna aliyekosa mkwe miongoni mwa wale wanaume. Mtu yeyote mwingine angejipanga tu. Sisi ilibidi tuhesabu kwanza nani amemwoa binti ya nani. Mama akasema atasimama mwisho wa wanawake ili awasimamie wasitawanyike. Dida akasema atasimama mwanzo wa wanaume kwa sababu ana sauti. Kati yao awekwe mtu ambaye si mkwe wa yeyote. Mama Kananu, akifunga miraa yake kwenye majani ya mgomba, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi sina mkwe hapa. Binti yangu ako shule bado. Mniweke mimi hapo katikati, nitanenepa mpaka mtosheke." Tulicheka sana. Tulikula githeri tukaenda nyumbani tukiamini jambo limekwisha. Hilo ndilo kosa letu, na silikatai: mlolongo mzima tuliutegemeza kwa mwanamke mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili, na mwezi wa pili Isiolo vumbi linaingia hadi ndani ya meno. Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi. Mlolongo wa Mheshimiwa ulipewa kivuli cha ukuta wa madarasa, na watu wake waligawiwa soda za kreti. Sisi tuliambiwa tujipange kwenye ua wa miba, juani. Watu wetu walikuwa wengi kiasi kwamba mlolongo ulikwenda na ua mpaka kwenye milingoti ya goli, ukazunguka, ukarudi upande wa pili, hata mahali wanawake walipoishia na wanaume walipoanzia palikuwa karibu kabisa na mimi niliyekuwa mbele na picha. Niliweza kumsikia Dida akiwaambia wanaume wanyooke. Niliweza kuona shashi ya kijani ya Mama, kisha Mama Kananu na kanga yake, kisha kofia ya Dida. Upande wa ukuta mlolongo wao ulikuwa mfupi. Sihitaji kutaja hesabu. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Moyo wangu ulikuwa unacheza. Nilifikiri, kwa ujinga wa ujana, kwamba kitu kinachoonekana na watu wote hakiwezi kuibwa.

Ofisa aliyesimamia alikuwa mgeni, ameletwa kutoka mbali, na mila zetu hakuzijua. Huyo sina hasira naye sana. Hasira yangu yote naiweka kwa karani wa Chama aliyekuwa akitembea naye, kwa sababu huyo alikuwa wetu. Alikuwa ameoa hapa Wabera, na mimi mwenyewe nilimwona mara nyingi akiruka mtaro ili asikutane na mama mkwe wake. Kabla ya kuhesabu alipita akikagua kadi za Chama. Alipita wanawake wote haraka haraka, hakusoma hata moja, mpaka alipofika kwa Mama Kananu, akasimama.

"Wewe ni wa Meru," akamwambia. "Jimbo lako ni kule juu."

"Kadi yangu ni ya hapa. Iangalie. Mimi nimekata hapa, na nyumba ni hapa."

"Tutaiangalia ofisini."

"Si iko kwa mkono yako? Angalia saa hii."

Askari wawili wakamshika mikono. Kulikuwa na Wameru wengine katika mlolongo wetu, walimu na wenye maduka, na katika mlolongo wa Mheshimiwa walikuwemo pia, na hakuna hata mmoja aliyeguswa. Mama Kananu alipelekwa getini akigeuka geuka kutuangalia, na mahali alipokuwa amesimama pakabaki mchanga mtupu. Mbele ya mchanga ule alikuwa mama yangu, amempa mgongo mkwe wake, shashi imeshushwa mpaka kidevuni. Nyuma yake alikuwa mume wangu, naye akarudi nyuma hatua mbili, kwa sababu mwili wake ulikuwa umefundishwa hivyo tangu siku ya posa.

Alielewa mara moja. Aligeuka akamwambia aliyekuwa nyuma yake, "Roba, wewe huna mkwe pale. Pita mbele yangu, haraka." Roba akainua mguu, na karani akapuliza filimbi. "Hakuna kupita. Kuhesabu kumeanza. Anayetoka mahali pake ametoka kwa uchaguzi." Roba akarudi. Mimi mke wa Dida, binti wa Mama, ndimi niliyebaki pale uwanjani ninayefaa kusimama kati yao bila mtu kuona haya, na nilikuwa nimeshika picha. Nikamwambia askari aliyekuwa kando yangu amwachie mama anayenifuata aishike dakika moja tu. "Jina lenye imeandikwa ni lako," akasema. "Ukishusha hiyo, hii line yote haina mtu." Basi nikaendelea kuiinua. Nimewahi kuulizwa na binti yangu kwa nini sikukimbia tu nikaenda. Ningekimbia, wangewafuta wote. Nilisimama pale kama mlingoti wa bendera, nikitazama pengo lile ambalo ningeweza kuliziba kwa hatua chache.

Karani akahesabu kwa fimbo, akigusa bega baada ya bega, ofisa akitembea pembeni yake na kalamu. Walizunguka goli, wakarudi, wakafika kwa Mama. Fimbo ikagusa bega lake ikakaa hapo.

"Bwana mkubwa, mlolongo umeisha hapa," karani akasema.

Ofisa akatazama. Nyuma ya Dida wanaume walikuwa wameenea mpaka kwenye vyoo vya shule. "Na wale?"

"Wale wamesimama tu. Hawana picha mbele yao."

"Sisi ni mlolongo moja," Dida akasema. Sauti yake ya sokoni ilikuwa imempotea. Aliongea kama mtu anayeomba maji. "Hiyo nafasi ni heshima, bwana mkubwa. Huyu ni mama wa bibi yangu. Yeye anajua," akamwonyesha karani. "Muulize. Yeye anajua."

Ofisa akamgeukia karani. Karani akaangalia fimbo yake, akasema, "Sijui anaongea nini." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili. Mtu aliyeruka mitaro mji mzima, akasema hajui.

"Kama ni mlolongo mmoja, songa mbele muungane," ofisa akasema. Hakusema kwa ubaya. "Si ni hatua tu? Songa."

Dida aliniangalia mimi. Nimeyakumbuka macho yale kila siku ya ndoa yetu. Hayakuwa macho ya muoga, yalikuwa macho ya mtu anayeambiwa amvue mama yake nguo mbele ya watu ili apewe haki ambayo tayari ni yake. Na kabla hajainua mguu, Mama akaanza kwenda. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, ameshika shashi kwa mikono miwili usoni, akipapasa mchanga kwa kisigino, hatua baada ya hatua, mpaka mgongo wake ukagusa kifua cha mume wangu. Wanawake kadhaa walifumba macho. Mzee mmoja alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Dida alikuwa amekauka, mikono yake imeinuliwa kidogo pembeni asije akamgusa zaidi, na machozi yanamtiririka mbele ya watu ambao kesho yake angekutana nao sokoni. Mwanamke aliyekuwa mbele ya Mama, kuona vile, naye akaanza kurudi nyuma ili amfuate.

Karani akainua fimbo. "Anayesonga ametoka." Mwanamke yule akaganda. Karani akamgeukia ofisa, akamwonyesha Mama. "Na huyu ametoka mahali pake."

Ofisa akatazama karatasi yake kwa muda. Nadhani alijua. Nadhani wakati ule alikuwa ameshajua kila kitu. "Basi toa mmoja," akasema.

Wakamtoa mama yangu. Wanaume wote wale waliokuwa nyuma ya Dida hawakuhesabiwa, na Mama naye akapunguzwa juu yao. Upande wa kivuli hawakugusa bega la mtu. Karani alisimama juu ya kiti akapitisha macho. Kisha ofisa akasoma kwa kipaza sauti kwamba Mheshimiwa amepata zaidi ya sabini kwa mia na kwa hivyo amepita bila kupingwa. Wanaume wa Dida walikuwa bado wamejipanga alipokuwa akisoma. Mwalimu Galma alikwenda mezani akaambiwa akate rufaa Nairobi. Mama Kananu aliachiliwa adhuhuri na kadi yake mkononi. Haikuwa na kosa lolote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko wizi wenyewe. Kufikia magharibi ya siku ile ile, watu walikuwa hawamtaji karani, hawamtaji ofisa, hawamtaji Mheshimiwa. Walimtaja Dida. Dida aliacha pengo. Dida angesonga tu. Watu waliokuwa wamesimama nyuma yake, ambao nao wasingesonga kwa mama wakwe zao hata wakipigwa, walikaa vibandani wakisema Dida angesonga. Na wengine, au hao hao, wakageuza: Dida alimwachaje mama mkwe wake aaibike vile? Wakamlaumu kwa kutosonga na kwa kuguswa, yote mawili kwa pumzi moja. Nilikuwa sijui wakati ule kwa nini. Leo najua. Ukimlaumu mkubwa, gari la askari linakuja mlangoni. Ukimlaumu Dida, hakuna anayekuja. Sokoni wakaanza kumwita Pengo, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea, mpaka wanunuzi kutoka Nairobi wakadhani ndilo jina lake. Alikuwa anaitikia. "Niko hapa," anasema, na kuendelea kupapasa ng'ombe. Vibali vyake vilicheleweshwa mwaka mzima kama alivyomwambia mbuzi. Hilo alilitegemea. Hili la jina hakulitegemea, na lilimla ndani kwa ndani mpaka sauti yake kubwa ikapotea, na dalali asiye na sauti hana kazi.

Mama aliendelea kuja kunisalimia, lakini si kila siku, na akija alikaa kimya kwenye sanduku. Dida alikuwa akitoka na chai yake kama kawaida kwenda nyuma. Nilikaa kati ya watu wawili wenye aibu, nikisikia mbuzi akitafuna. Niliwahi kujaribu kuwachokoza, nikasema kwa sauti, "Mama, mbuzi anakusalimu," na kutoka nyuma ya bati hakukuja kitu. Kura nilizoea kuibiwa, kama Wakenya wote. Mazungumzo yale yalikuwa yangu, nayo yaliibiwa siku ile ile, na hayo hakuna mahali pa kuyakatia rufaa.

Kisha wazee wakaketi. Walisema mkwe ameguswa na mama mkwe hadharani, jambo limechafuka, lazima lisafishwe. Walimtoza Dida kondoo. Niliposikia nilitupa mwiko ukutani. Nikamwambia awaulize wazee ofisa wamemtoza nini, na karani wamemtoza nini. Dida akasema, "Tume, wacha. Ni kondoo tu. Nataka mama yako aweze kupita barabarani." Akaenda sokoni, mahali wanapomwita Pengo, akachagua kondoo mnono.

Kondoo alichinjwa uani kwetu. Wazee wakaomba dua, Mama akiwa chumbani na wanawake, mimi nikipika nje. Nyama ilipokuwa tayari niliona mtu anaingia kwa geti, anatoa salamu, ananawa mikono. Alikuwa karani wa Chama. Alikuja kwa sababu ni mtu wa Wabera na nyama ilikuwa Wabera, na wazee wakasogea wampishe mkekani kana kwamba hakuna lililotokea. Nilibeba sinia. Nikampa mzee wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikazunguka mkeka, nikafika kwa karani, nikampita. Nikampa aliyemfuata. Mzee mmoja akakohoa. Karani alitabasamu, mikono yake yenye maji bado imetandazwa mbele, akisubiri, kwa sababu alijua sisi ni watu wa aina gani.

"Tume," Dida akasema.

Nikaendelea kuzunguka na sinia.

"Tume. Mgeni hajapata. Mpe."

Nilimwangalia mume wangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na ile sura yake ya uwanjani, ya mtu ambaye mwili wake haujui njia nyingine ya kuwa mtu. Nikarudi. Nikampa karani fungu la mguu, lililonona. Alikula taratibu, akavunja mfupa, akafyonza, akajifuta mdomo, na akaniambia mpishi ni hodari, chumvi imekaa sawa kabisa.